Sikio lenye mdomo: redio ya ridhaa, skana au kidude cha USB kwa anayetaka kusikiliza tu

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, ana laki na nusu mfukoni na hamu moja: kusikia manahodha wanavyoitana wakiingia bandari ya Tanga. Juzi kaja na swali. "Mjomba, nikinunua redio ya upepo ya hawa watu wa redio ya ridhaa, wanaoongea hewani kwa mapenzi tu na kwa leseni, nikasikilizia tu bila kusema neno, si itatosha? Au nitafute skana kabisa?"

Sikumjibu siku ile. Nilimuuliza maswali matano kwanza, na hayo matano ndiyo vigezo vya ulinganisho huu wa vifaa vinne: redio ya mkononi ya ridhaa, mtambo wa mezani, skana (redio ya kupokea tu inayozunguka chaneli nyingi haraka) na kidude cha USB cha kompyuta.

La kwanza, unataka kusikia nini? FM, AM na SSB ni njia tofauti za kubebesha sauti kwenye mawimbi. Meli huongea kwa FM, na chaneli yao kuu ya kuitana na ya dharura ni 16, yaani 156.800 MHz. Ndege huongea kwa AM kati ya 118 na 137 MHz. Watu wa redio ya ridhaa wako 144 hadi 146 MHz na 430 hadi 440 MHz kwa karibu, na kwenye masafa mafupi kama 7, 14 na 21 MHz kwa mbali, wakitumia SSB, ambayo redio ya kawaida ya AM huigeuza kuwa mlio kama wa bata. Mtambo usioijua AM hautakupa ndege hata uuwekee antena ya dhahabu.

La pili, kasi ya kuzunguka chaneli. Nahodha akisema "nimekupata, tuhamie 12" anatumia sekunde tatu. Redio yako ikiwa kwenye chaneli nyingine sekunde hizo, umemkosa.

La tatu, usikivu, na simaanishi unyeti peke yake. Mjini kuna minara ya FM na ya simu inayopiga kelele nzito, na kipokezi dhaifu hulemewa na nguvu hiyo kikashindwa kusikia sauti ndogo iliyo jirani.

La nne, sheria na hatari ya kurusha kwa bahati mbaya. La tano, gharama pamoja na umeme, maana bei ya dukani si mwisho wa hesabu.

Redio ya mkononi ya ridhaa

Hapa namaanisha wokitoki zinazouzwa kwa wapenzi wa redio ya ridhaa: Baofeng UV-5R, Quansheng UV-K5, au kwa mwenye uwezo, Yaesu FT-60R.

*Inachosikia.* UV-5R inapokea 136 hadi 174 MHz na 400 hadi 520 MHz kwa FM, pamoja na stesheni za FM za muziki. Meli inazo, watu wa ridhaa wa karibu inao, ndege haina kabisa. UV-K5 inapokea AM ya ndege, ingawa sauti yake haiko safi sana. FT-60R inatoka 108 hadi 520 MHz bila pengo, AM ikiwemo, na ina kumbukumbu 1,000 dhidi ya 128 za UV-5R.

Kuna raha moja ambayo redio hizi huitoa kwa bei ndogo kuliko chochote. Kituo cha kimataifa cha anga, ISS, hutuma sauti na wakati mwingine picha kwenye 145.800 MHz, na kinapita juu ya Afrika Mashariki mara kadhaa kwa siku. Kikipita vizuri unakuwa nacho kama dakika kumi. Mara ya kwanza nilisimama uani na UV-5R na antena yake fupi, nikasikia mruzi wa picha ukija na kuondoka, nikarekodi kwa simu, na programu ya simu ikaugeuza kuwa picha. Hakuna kilichohitajika zaidi ya hapo.

*Kasi.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. UV-5R hupitia chaneli chache tu kwa sekunde. Ukiiwekea arobaini, mzunguko mmoja unapita sekunde kumi, na mazungumzo ya bandarini hayakungoji. Ile hali ya kuonyesha chaneli mbili kwenye kioo haimaanishi ina masikio mawili. Inaruka kutoka moja hadi nyingine. Itumie kwa chaneli tatu au nne unazozijali, nayo itakutumikia vizuri.

*Usikivu.* Kwa antena yake fupi, mahali pasipo na minara, inasikia vyema. Ukiiunganisha na antena kubwa ya paani mjini, mambo hugeuka: unaanza kusikia muziki wa FM katikati ya chaneli ya meli, na sauti dhaifu hupotea. Watu wengi hudhani antena ni mbovu. Kumbe antena imefanya kazi yake sawasawa na kipokezi ndicho kimezidiwa. Kichujio cha kuzuia FM ya 88 hadi 108 MHz husaidia sana. FT-60R inavumilia zaidi.

*Hatari na sheria.* Hapa naomba usome polepole. Mtambo wenye uwezo wa kurusha unahesabiwa mtambo wa kurusha, hata kama wewe huna nia ya kusema. Kabla ya kununua, uliza TCRA kama uko Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya, UCC kama uko Uganda. Usitegemee neno la muuzaji.

Na hatari yenyewe ni ya kweli. Mwaka wangu wa kwanza niliitia redio kwenye mkoba pamoja na vitabu, ikiwa imewashwa, chaneli 16. Nilipofungua mkoba niliona taa nyekundu inawaka. Kitabu kilikuwa kimekibana kitufe cha kurushia. Niling'oa betri mikono ikitetemeka, kwa sababu chaneli ile ndiyo ambayo mvuvi aliyepinduka chomboni huiitia msaada, na mimi nilikuwa nimeiziba. Nilikuwa nimefunga vitufe kwa alama ya reli (#) nikadhani nimemaliza. Ule ufungaji haukigusi kitufe cha kurushia.

Kinga ipo, na ni rahisi. Unganisha redio na kompyuta, fungua programu ya CHIRP ambayo ni ya bure, na kwenye kila chaneli uliyohifadhi weka safu ya Duplex kuwa off. Chaneli hiyo haitarusha tena hata kitufe kikibanwa siku nzima. Lakini kinga hiyo inalinda chaneli zilizohifadhiwa tu. Ukihamia hali ya kuandika masafa kwa mkono, mdomo umefunguka tena. Punguza pia muda wa juu wa kurusha hadi sekunde 15, ili hata ikitokea, ijikate yenyewe.

*Gharama na umeme.* UV-5R huko inakotengenezwa haizidi sana dola 25, na betri yake hukaa siku nzima ya kusikiliza. Umeme ukikatika hujui hata kama umekatika.

*Inamfaa* mtu wa chaneli chache, anayetembea, mwenye bajeti ndogo, na hasa anayejiandaa kwa mtihani wa leseni ya ridhaa. Huyo leo anasikiliza, kesho atakuwa na ishara yake ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya au 5X kwa Uganda, na redio ni ileile.

Mtambo wa mezani wa masafa mafupi

Mfano wangu ni Icom IC-7300, lakini mitambo mingi ya aina hii inafanana.

*Unachosikia.* Kuanzia chini kabisa hadi 74.8 MHz: stesheni za masafa mafupi za dunia nzima, watu wa ridhaa kutoka Ulaya hadi Japani, na AM, FM, SSB na mosi (Morse, herufi za nukta na mistari) zote zimo. Ila meli za VHF, zile za chaneli 16, na ndege hazimo, kwa sababu ziko juu ya kikomo chake. Mtu akikuambia ununue huu kwa ajili ya bandari, hajakuelewa.

*Kasi.* Haukuumbwa kuzunguka chaneli. Una kioo kinachochora masafa kama maporomoko ya maji: kila mtu anayeongea anaonekana kama mstari, unagusa mstari, unamsikia. Baada ya kuzoea kioo hicho, kuzungusha kitufe gizani kunachosha.

*Usikivu.* Hapa ndipo pesa zako zinapoonekana. Kuna mradi wa vinara vya redio wa kimataifa, vinara 18 kote duniani, na Kenya imo kwa ishara 5Z4B. Vinapokezana kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, kila kimoja sekunde kumi, na mzunguko mzima huchukua dakika tatu. Kila kinara hutuma jina lake kwa mosi, kisha mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Kaa na kipokezi chochote, hesabu mistari unayoisikia. Ni kipimo bora kuliko karatasi yoyote ya sifa. Kwa mtambo wa mezani na waya wa mita 20 juu ya mwembe, jioni moja nilihesabu mitatu kutoka kinara cha mbali ambacho kwenye kidude changu cha USB, kwa waya uleule, nilisikia mmoja.

*Hatari na sheria.* Leseni inahusika kama hapo juu, na zaidi, maana huu unarusha wati 100. Chomoa maiki, punguza nguvu ya kurusha hadi mwisho, zima VOX, yaani kurusha kunakoanzishwa na sauti, ili sauti ya chumbani isiuamshe, na usibonyeze kitufe cha kutyuni antena. Watu husahau kwamba kitufe hicho nacho hurusha. Waya wa kusikilizia haujali vipimo vya milimita, lakini ukirusha kwa bahati mbaya kwenye waya usiolingana unaweza kuumiza mtambo.

*Gharama na umeme.* Ni zaidi ya dola 1,000. Afueni moja: anayesikiliza tu hahitaji pawasaplai kubwa ya ampea 25. Ukipokea unakula kama ampea moja kwa volti 12 na ushee, kwa hiyo betri ya sola ya Ah 50, ukitumia nusu yake, inakupa saa 25.

*Unamfaa* anayependa sauti za mbali na ana uhakika kwamba atakata leseni. Kwa asiyetaka kurusha kamwe, analipia nusu ya mtambo ambayo haitatumika.

Skana

Mfano ni Uniden BC125AT, na ndugu yake wa Ulaya, UBC125XLT.

*Inachosikia.* BC125AT inapokea 25 hadi 54, 108 hadi 174, 225 hadi 380, na 400 hadi 512 MHz, kwa AM na FM. Ndege, meli na watu wa ridhaa wa karibu, vyote ndani ya kasha moja. SSB haina, kwa hiyo masafa mafupi ya mbali sahau.

*Kasi.* Hii ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Inapitia makumi ya chaneli kwa sekunde, ina nafasi 500, na unaweza kuipa chaneli moja kipaumbele ili iirudie kila mara. Kwa mtu wa bandari na ndege kwa pamoja, tofauti yake na wokitoki unaiona dakika ya kwanza.

*Usikivu.* Wa wastani mpana: si mkali kama mtambo wa mezani, lakini haibabaiki upesi mjini kama UV-5R.

*Hatari na sheria.* Haina mdomo. Mtoto akiichezea, kitabu kikiibana, hakuna anayeumia. Kinachobaki ni kile unachosikiliza. Kanuni za Redio za ITU, kifungu cha 17, zinazitaka nchi wanachama kuzuia watu kudukua na kutangaza mawasiliano yasiyokusudiwa umma, na hilo linahusu vifaa vyote vinne hapa. Polisi na usalama usiwaguse. Na ukisikia jina la mtu au shida yake baharini, lisitoke mdomoni mwako wala kwenye simu yako.

*Gharama na umeme.* Zaidi ya dola 100 huko nje, kabla ya usafiri na ushuru, na kuipata madukani kwetu ni kazi. Mara nyingi inaagizwa. Inatumia betri mbili ndogo za AA, zile za kila duka la mtaani.

*Inamfaa* anayetaka kuwasha na kusikia, bila kompyuta na bila mtihani. Mzee wangu mmoja, baharia mstaafu, anayo kando ya kiti chake barazani. Hajawahi kuniita nimrekebishie kitu.

Kidude cha USB

Mwaka 2012 iligundulika kwamba vidude vya bei rahisi vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta, vyenye chipu ya Realtek RTL2832U, vinaweza kutoa mawimbi ghafi na kuacha programu ifanye kazi ya redio. Hapo ndipo RTL-SDR ilipozaliwa. Umbo lake ni kama flashi.

*Kinachosikia.* Takriban 24 hadi 1,766 MHz, na matoleo ya V3 na V4 yanashuka hadi masafa mafupi, V4 vizuri zaidi. AM, FM, SSB, vyote ni suala la kubofya. Tena kinaona visivyo sauti: AIS ya meli kwenye 161.975 na 162.025 MHz, inayokuonyesha jina na mwelekeo wa kila meli kwenye ramani, na ndege kwenye 1,090 MHz. Kwa antena ya paani mita 10 juu, upeo wa redio ni kama kilomita 13; meli yenye antena ya mita 20 inaongeza 18 zake, jumla 31. Ndege iliyo mita 10,000 juu inafika kilomita 400. Ndiyo maana hapa Tanga unaweza kumsikia rubani vizuri huku mnara anaoongea nao husikii hata kidogo.

Na kuna kitu ambacho vingine vitatu haviwezi. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa 2018, imebeba mtambo wa watu wa ridhaa uitwao QO-100, unaopokea sauti zao na kuzirudisha duniani. Imesimama nyuzi 25.9 mashariki, na kutoka kwetu iko juu sana, kama nyuzi 73, upande wa magharibi. Dishi la kawaida na LNB yake, kile kichwa cha kupokelea, hushusha mawimbi ya 10,489.5 MHz hadi 739.5 MHz, na hapo kidude kinayasoma. Saa yoyote unasikia watu wa Ulaya, Afrika na Ghuba wakiongea kama wako chumba cha pili.

*Kasi.* Hakizunguki, kinaona MHz 2.4 kwa mkupuo mmoja. Chaneli nyingi za meli zinaonekana pamoja kwenye kioo, na programu kama RTLSDR-Airband hurekodi kadhaa kwa wakati mmoja. Ukirudi jioni unasikiliza ulichokikosa mchana.

*Usikivu.* Kinapima mawimbi kwa biti 8 tu, kipimo cha chini, kwa hiyo karibu na minara kinalemewa kama wokitoki. Punguza kiwango cha kukuza mawimbi (gain) badala ya kukiongeza, na utashangaa sauti dhaifu zinavyoibuka. Chaja ya laptopu na taa za LED nazo humwaga kelele. Kebo ya USB ya mita mbili tatu kukiweka mbali husaidia.

*Hatari na sheria.* Hakirushi. Maneno ya usiri niliyoyasema kwenye skana yanakihusu sawasawa.

*Gharama na umeme.* Dola 30 hadi 40 pamoja na antena ndogo, kama kompyuta unayo. Simu ya Android yenye kebo ya OTG nayo inatosha, ila kinakula chaji upesi, na siku ya kwanza utaitumia kusoma maelekezo.

*Kinamfaa* mdadisi, mwanafunzi, mtu anayependa kuona kinachotokea hewani na asiyechoka kubadilisha programu.

Kwa hali yako

Kama unajiandaa kwa leseni ya ridhaa na umeshaongea na mamlaka, anza na redio ya mkononi, na funga kurusha kwa CHIRP kabla ya kuitoa nje ya nyumba. Kama leseni ipo karibu na moyo wako uko kwenye masafa mafupi, mtambo wa mezani hutaujutia.

Kama nyumbani kuna watoto wadogo, au redio itakaa mahali pa watu wengi, chukua kisicho na mdomo: skana kwa mtu wa kuwasha na kuketi, kidude kwa mtu wa kompyuta.

Kama umeme kwenu haupo au haueleweki, wokitoki na skana ziko mbele. Kama unakaa chini ya minara ya FM, tenga fedha za kichujio kabla ya kuwaza antena kubwa.

Kama una chombo baharini, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokutosha. Nunua redio halisi ya VHF ya baharini, yenye kibali, inayovumilia maji, ili ukiita msaada usikike.

Na kama bado hujui unapenda nini, usinunue kitu wiki hii. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi cha masafa mafupi kinachoendeshwa na yeyote kupitia intaneti, bure. Kaa nacho usiku mmoja saa tatu hadi saa sita kwenye 7 MHz.

Mpwa wangu hana mpango wa leseni mwaka huu, na laptopu anayo. Kidude kimeagizwa. Jumamosi tunapanda paa la nyumba pale Raskazone na waya wa sentimita 46, unaolingana na chaneli 16, na nne nyingine kama hizo za kuulalia chini.